Je, Kukubali Kisu cha Tabibu ni Kupunguza Tawakuli?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa masuala yanayoletwa katika darsa ni suala la mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado haujamuuma. Tumfanye ni Zaid, kama wafanyavyo mafakihi katika vitabu vyao. Zaid ni mvuvi wa hapa Amu. Chini ya wayo wake pana alama nyeusi, kubwa kuliko punje ya mtama, ambayo imekuwa ikipanuka kidogo kidogo tangu mwaka jana. Haimuumi. Haimzuii kwenda baharini wala kusimama katika sala. Daktari amekata kipande chake, kikapimwa, na jawabu limerudi kuwa ni saratani ya ngozi, nayo ni changa. Amemwambia: tuiondoe sasa, kisha uwe warudi kuangaliwa kwa miaka kadhaa. Jamaa zake wamegawanyika. Wengine wasema: akubali. Wengine wasema: aliyeandikiwa hafutiwi, na mtu mzima hakatwi mguu usiomuuma; naasomewe, anywe makombe, amwachie Mola wake.

Swali basi ni hili: Zaid akikubali, je, amepunguza tawakuli yake? Na akikataa, je, ni mwenye kusubiri au ni mwenye kuidhulumu nafsi yake?

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe

Wanazuoni wetu wametufundisha kwamba kukihukumia kitu ni tawi la kukifahamu. Atoaye hukumu juu ya jambo asilolijua huwa amekisia tu, hata ikiwa kilemba chake ni kikubwa. Kwa hivyo hatuna budi kuanza kwa matabibu kabla ya kufika kwa mafakihi.

Katika ngozi ya kila mwanadamu mna chembe ndogo ambazo kazi yake ni kufanya rangi. Ndizo zimfanyazo huyu kuwa mweusi na yule kuwa maji ya kunde. Chembe hizi zikiharibika, zikawa zazaana bila ya mpaka, huwa ni saratani ambayo matabibu huiita melanoma. Kwa watu weupe ugonjwa huu ni mwingi, na jua ni sababu yake kubwa. Kwa sisi watu weusi ni mchache, lakini utokeapo hupenda kutokea mahali ambapo jua halipigi: chini ya wayo, kiganjani, na chini ya ukucha. Jambo hili si geni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1967 daktari M. G. Lewis aliandika katika jarida la Uingereza la saratani juu ya melanoma ya watu wa Uganda, na uhusiano wake na madoa ya rangi yaliyo katika nyayo. Wala isichanganywe na saratani za ngozi ziwapatazo ndugu zetu wenye ualbino, ambazo nyingi ni za aina nyingine, na adui wao huko ni jua.

Sasa utazame miguu ya watu wa visiwa vyetu. Hapa Amu, Pate, Siyu, Faza na Kizingitini mtu hutembea kwa kandambili au miguu mitupu, juu ya mchanga, juu ya mawe ya mwambani, na ndani ya tope la mikoko. Hapana mguu usio na kovu. Basi alama nyeusi ikitokea wayoni husemwa: ni mwiba uliovunjikia ndani, ni damu iliyovilia, ni sugu. Mara nyingi husemwa kweli. Lakini mara moja moja si kweli, na mara hiyo moja ndiyo inayoua.

Alama ya kutiliwa shaka ni ile inayobadilika: inayopanuka, yenye kingo zisizo sawa, yenye rangi mbili au tatu, au iliyokwisha kupita milimita 6. Kadhalika mstari mweusi mpya katika ukucha mmoja, khasa ukianza kupanuka au rangi yake ikitambaa hadi kwenye ngozi ya shina la ukucha. Kadhalika kidonda cha wayo kisichopona wala hakijulikani chanzo chake. Na huenda pengine kisiwe na weusi wowote.

Mwaka 1970 tabibu wa Kimarekani, Alexander Breslow, alionyesha kuwa jambo kubwa katika ugonjwa huu ni kina cha alama kipimwacho kwa milimita, wala si upana wake uonekanao kwa macho. Maadamu ugonjwa uko katika tabaka ya juu kabisa ya ngozi, haujapata njia ya kusafiri. Ukizidi kushuka hukutana na mishipa ya damu na ya maji ya mwili. Ukaingia katika tezi za kinena, kisha ukaenda mapafuni, inini na ubongoni. Kwa hivyo alama ya milimita moja na alama ya milimita nne, ijapokuwa kwa macho zaweza kufanana, baina yake pana umbali kama wa uhai na mauti.

Dawa ya iliyo changa ni kisu. Alama isiyozidi milimita moja huondolewa pamoja na ngozi nzima iliyo kandokando yake, kadiri ya sentimita moja kila upande. Zamani madaktari walikuwa wakikata hata sentimita 5. Lakini mwaka 1988 Umberto Veronesi wa Milan na wenzake walitangaza kwamba katika alama zisizozidi milimita 2, waliokatwa sentimita moja waliishi sawa na waliokatwa sentimita 3. Kazi hii mara nyingi hufanywa kwa ganzi ya mahali penyewe, na mgonjwa akarudi kwake siku hiyo hiyo. Ngozi ya wayo haivutiki sana, kwa hivyo huenda pakatiwa kiraka cha ngozi iliyotolewa pajani. Ikiwa ugonjwa uko chini ya ukucha, huenda ikabidi kuondolewa ncha ya kidole. Katika nchi ziandikazo hesabu zake, wanaokatwa mapema hivi, zaidi ya 95 katika kila 100 huwa wahai baada ya miaka 5. Ile ya nyayoni matokeo yake si mazuri kadiri hiyo, na moja ya sababu zake kubwa ni kule kucheleweshwa.

Ugonjwa ukisha kuenea, kisu peke yake hakitoshi. Zipo dawa za kuamsha kinga ya mwili ambazo Marekani ilianza kuziruhusu kwa ugonjwa huu mwaka 2011, nazo zimewazidishia wengi umri. Lakini bei yake si bei ya mvuvi wala ya mwalimu wa chuoni.

Huu ndio ugonjwa, na hii ndiyo dawa yake. Tukiisha kuyajua haya, twaweza kuzitazama hoja za wenye kukataa.

Hoja ya kwanza: yaliyoandikwa yatakuwa

Neno hili ni la haki, lakini hapa limewekwa pasipo mahali pake. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akienda Sham akapata habari ya tauni, aliamua kurudi na watu wake. Abu Ubaida (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jawabu la Sayyidna Umar ni mashuhuri: kwamba wanaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kwa kuiendea kadari yake nyingine. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja ni mkavu. Popote atakapolisha, atakuwa amelisha kwa kadari.

Sisi watu wa bahari twaufahamu mfano huu vizuri. Nahodha anayeliona wingu jeusi la kusi akatua tanga na kutafuta bandari, hapana aliyepata kumwambia kuwa amekufuru. Na lau angeachia tanga lake lijae, akasema yaliyoandikwa yatakuwa, abiria wangemshika mikono. Wanaijua kadari kama aijuavyo yeye, na wanajua pia kwamba kutua tanga ni sehemu ya kadari. Mbona basi katika chombo twakubali, na katika mwili twakataa?

Hoja ya pili: bora ni kuacha dawa na kusubiri

Hoja hii ina nguvu zaidi, na haifai kudharauliwa, kwa kuwa ina asili katika hadithi sahihi. Imepokewa kuwa watu elfu sabini wataingia Peponi bila ya hesabu, na katika sifa zao ni kwamba hawaombi kuzinguliwa wala hawajichomi moto kwa dawa, bali humtegemea Mola wao. Na imepokewa habari ya mwanamke mweusi aliyekuwa na kifafa, aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kutaka dua, akapewa khiari baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunukwe mwili wake aangukapo.

Jawabu ni kwamba mwanamke yule alipewa bishara na Mtume mwenyewe kwa ulimi wake. Ni nani kati yetu mwenye barua kama ile? Tena maradhi yake yalikuwa ya kumtaabisha, wala habari haikutaja kwamba yalikuwa yakimwendea roho siku hadi siku na dawa yake iko mlangoni. Na tukitazama mwenendo wa Mtume (S.A.W.) kwa jumla, tutaona kuwa aliwaamrisha watu watafute dawa, akawafunza kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa yake isipokuwa uzee. Alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu aliyemkata mshipa kisha akauchoma. Hatuwezi kusema kwamba mbora wa wenye kutawakali alimpeleka sahaba wake kwenye upungufu wa tawakuli.

Imamu Ghazali ametukusanyia jambo hili katika Ihya, katika kitabu cha tauhidi na tawakuli. Amezigawanya sababu ziondoazo madhara katika daraja tatu. Ya kwanza ni ya yakini, kama mkate kwa mwenye njaa na maji kwa mwenye kiu; kuiacha hii si tawakuli hata kidogo, bali huwa ni haramu pakiwa na khofu ya kufa. Ya pili ni ya kudhaniwa, kama kutoa damu na dawa za matabibu. Kuitumia hii hakuvunji tawakuli, na kuiacha si haramu kwa kila mtu wala kwa kila hali. Ya tatu ni ya kuwaza tu. Na hii ndiyo ambayo kuiacha ni sharti ya tawakuli.

Hapa ndipo panapotaka fikira. Wanazuoni wengi wa madhehebu yetu walisema kuwa kujitibu ni sunna wala si wajibu, na sababu waliyoitaja ni kuwa manufaa ya dawa si ya yakini. Walisema kweli kwa dawa walizozijua. Lakini hukumu hufuata sababu yake. Dawa ikipanda daraja, hukumu nayo hupanda. Hatusemi kuwa kisu kwa melanoma changa ni sawa na mkate kwa njaa. Twasema kuwa ni dhana iliyoshinda, na juu ya dhana iliyoshinda ndipo zilipojengwa nyingi katika hukumu zetu. Kwayo twaelekea kibla tukiwa safarini, na kwayo twachukua ushahidi wa mashahidi wawili, ambao nao waweza kukosea. Mtu atakayesema hatendi ila kwa yakini, basi hataelekea kibla wala hatafungua saumu siku ya mawingu.

Na jambo hili halikuachwa kwa rai ya mtu mmoja. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa lilipokutana Jidda mwezi wa Mei 1992 lilipitisha kwamba asili ya kujitibu ni jambo la sharia, na kwamba huwa ni wajibu ikiwa kuacha kutapelekea kuangamia nafsi, au kupotea kiungo, au kulemaa, au ikiwa ugonjwa utawadhuru wengine. Zaid wetu ameingia katika mlango wa kwanza na wa pili kwa pamoja.

Hoja ya tatu: haumuumi

Maumivu ni mjumbe, lakini si kadhi. Huja pengine kwa jambo dogo, kama jino, na huchelewa pengine kwa jambo kubwa. Moto wa makuti huzimwa kwa ndoo moja ukiwa ni cheche. Ukisha kushika paa, mtaa mzima hauuwezi. Anayengoja alama ya wayo imuume ndipo aende, amengoja mpaka mgeni awe mwenyeji.

Hoja ya nne: saratani ikiguswa na chuma husambaa

Neno hili limeenea sana, na limewaua watu wengi. Asili yake ni kwamba wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Hukatwa ilhali ugonjwa umekwisha kusafiri. Wakafa baada ya miezi, na watu wakasema kisu ndicho kilichowaua. Wameihukumu sababu kwa lililotangulia na lililofuata tu, bila ya kutazama kilichokuwa kikitendeka ndani. Kukata kipande ili kipimwe hakuuenezi ugonjwa huu. Bila ya kipimo hicho daktari hajui kina, na bila ya kujua kina hajui akate kiasi gani.

Na jambo hili si la Wazungu peke yao. Abul Kasim Azzahrawi wa Andalusi, aliyeishi yapata miaka elfu moja iliyopita, aliandika katika kitabu chake cha utabibu kwamba saratani ikiwa mahali pawezapo kukatwa yote, nayo ni changa na ndogo, ikatwe. Ama iliyokwisha kuwa kubwa na kongwe, isikaribiwe, kwani yeye mwenyewe hakupata kuiponya wala hakumwona aliyeiponya. Tabibu Muislamu wa zama zile, bila ya darubini wala ganzi ya leo, alijua kuwa wakati ni nusu ya dawa.

Minhaji yasemaje?

Wako watakaoona haya yote ni maneno mageni. Basi natuwarudishe katika kitabu kinachosomwa misikitini mwetu tangu zama za masheikh zetu, nacho ni Minhaji ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277. Imamu ameitaja mas'ala ya uvimbe utokao mwilini, akasema maana yake kwamba mtu aliye huru na nafsi yake ana ruhusa ya kuukata, ila ule wa kukhofiwa ambao kuuacha hakuna hatari, au hatari ya kuukata ni kubwa kuliko ya kuuacha. Akaongeza kuwa baba na babu wana haki ya kumkatia mtoto na mwendawazimu, hata pakiwa na hatari, ikiwa hatari ya kuacha imezidi.

Tazama mizani hii ilivyo ya adili. Imamu hakusema kukata ni haramu kwa kuwa mwili ni amana, wala hakusema kila kisu ni kheri. Aliweka hatari mbili katika mizani. Shekhe Izzudin bin Abdisalam naye, katika kitabu chake cha misingi ya hukumu, alitolea mfano mkono uliooza: hukatwa, ijapokuwa kukata ni kuharibu, ili kuhifadhi roho, ikiwa linalotarajiwa zaidi ni kusalimika. Mwili ni amana, na mwenye kuwekewa amana aonapo nyumba yaungua hutupa dirishani vitu viwili vitatu ili aokoe vilivyobaki. Hapana mwenye akili atakayemwita khaini.

Mizani hiyo hiyo ndiyo itujuzayo mahali ambapo wajibu hukoma. Ikiwa ugonjwa umekwisha kuenea, na kukata mguu hakutarajiwi kumwokoa mgonjwa, basi kuacha kisu, kupunguziwa maumivu, na kukaa na watu wake akimtaja Mola wake, si dhambi wala si kukata tamaa. Pale ndipo penye subira ile waliyoitaja. Kosa letu ni kwamba twaitumia subira ya mwisho mwanzoni, kisha mwisho ufikapo twauza mashua na shamba kutafuta tiba ambayo wakati wake umepita.

Subira iko wapi?

Urwa bin Zubair, mmoja wa mafakihi saba wa Madina, alipatwa na ugonjwa wa kula mwili mguuni alipokuwa safarini kwenda kwa Khalifa Walid huko Sham. Matabibu wakaona ukatwe usije ukapanda. Wapokezi wamesimulia kwamba alikataa kupewa kinywaji cha kumwondolea akili, akakatwa naye akimtaja Mwenyezi Mungu, kisha akamshukuru kwa viungo alivyobakishiwa. Sisi husimulia kisa hiki kwa ajili ya subira yake, na ni kweli. Lakini twasahau kwamba Urwa alikubali kukatwa. Subira yake ilikuwa chini ya msumeno, wala haikuwa katika kuukimbia. Na msumeno wake ulikuwa bila ya ganzi.

Upande wa pili, vijana wetu wanamjua mwimbaji wa Jamaika, Bob Marley, ambaye picha yake huvaliwa mpaka leo. Mwaka 1977 alionekana ana melanoma chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Alishauriwa akatwe kidole. Hakukubali, akafanyiwa kazi ndogo zaidi, akaendelea na safari zake. Watu wametaja sababu nyingi, na imani ya dini yake ni miongoni mwa zilizotajwa. Mwaka 1980 ugonjwa ulidhihirika kuwa umeenea, na tarehe 11 Mei 1981 akafa mjini Miami, umri wake miaka 36. Hatusemi kuwa kidole kingemwokoa kwa yakini; ajali i mkononi mwa Mwenyezi Mungu. Twasema tu kwamba alikuwa na mali, na madaktari, na njia ya kufika popote. Na mali haikuweza kumrudishia wakati uliopita. Itakuwaje basi kwa asiye na mali?

Kurudi kuangaliwa si wasiwasi

Wako wanaokubali kukatwa, lakini wakisha kupona kidonda hawarudi tena. Husema: nimekwisha kushukuru, na kwenda tena hospitali ni kumdhania vibaya Mola wangu. Hili nalo halisimami. Ugonjwa huu waweza kurejea karibu na kovu, au katika tezi za nyuma ya goti na za kinena, na aliyeupata mara moja yumo katika khatari ya kupata mwingine mahali pengine. Ndiyo sababu madaktari hutaka kumwona mgonjwa kila miezi kadhaa katika miaka ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka. Hutazama ngozi yote, huzipapasa tezi, basi.

Wasiwasi ni kutazama bila ya sababu na bila ya mpaka. Kutazama kwa miadi ni muhasaba. Muislamu huihasibu nafsi yake kila usiku wala haambiwi kuwa amekata tamaa ya msamaha. Na lau tungezingatia, tungeona kuwa Mwenyezi Mungu ametupa darubini ya kila siku: mara tano mtu huosha miguu yake, na ni sunna apitishe vidole baina ya vidole. Basi mara moja kwa mwezi, atiapo udhu wa alfajiri au wa magharibi, naainue wayo wake mbele ya taa autazame, na mzee asiyeweza kuinama naatazamwe na mwanawe. Ni wangapi kati yetu waoshao nyayo mara tano kwa siku kwa miaka arubaini, wala hawajapata kuziona?

Ama mgonjwa ambaye kidonda chake hakiwezi kuguswa na maji, dini imemfanyia wepesi: huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bendeji, na hutayamamu, na asiyeweza kusimama husali amekaa. Kidonda kisiwe ni sababu ya kukataa tiba wala ya kuacha sala. Na kipande kilichotolewa kikapelekwa kupimwa, hilo ni haja yenye kuruhusiwa.

Ni nani mwenye amri?

Huonekana katika miji yetu mgonjwa, khasa akiwa ni mwanamke, yuko kimya, na wanaoamua ni mume, na mjomba, na jirani, na mganga. Lakini Imamu Nawawi ameliweka neno hili kwa mtu aliye huru na nafsi yake, na mwanamke aliyebaleghe mwenye akili ni miongoni mwao. Jamaa wana haki ya kushauri na wajibu wa kusaidia. Hawana haki ya kumfungia mlango. Mume amwambiaye mkewe asiende kwa daktari mwanamume, ilhali daktari mwanamke hakupatikana, amehifadhi jambo dogo kwa kupoteza kubwa. Dharura ina hukumu yake, na hufunuliwa pale tu palipo na haja.

Ama waganga, twasema wazi. Kusomewa Kurani na dua ni jambo jema, na mgonjwa naasomewe usiku na mchana. Asali na habbasoda ni katika yaliyosifiwa. Lakini aliyesoma dua akaacha kumfunga ngamia wake hakufuata sunna. Na mganga apakaye alama hiyo dawa kali ya kuunguza, huunguza juu tu na kuacha mizizi ikitambaa chini ya kovu. Kisha huambiwa watu kuwa imepona. Huyo amechukua ujira wa roho.

Wajibu wa mji mzima

Ni rahisi kwetu kumwambia Zaid aende. Lakini Zaid akikosa wa kumtazama hapa hospitali ya King Fahd, huvuka Mokowe kwa boti, akapanda basi kupitia Witu, Garsen na Malindi mpaka Mombasa, kwenye hospitali kuu ya Pwani, au akaendelea hadi Kenyatta huko Nairobi. Huko kuna nauli, na malazi, na siku za bahari zilizopotea. Na miadi ya kurudi ni hivyo hivyo kila mara. Tukimwambia ni wajibu, kisha tukamwacha peke yake gatini, wajibu huo tumemtwika yeye na sisi tumeukimbia.

Fukara na mwenye deni wamo katika wenye kustahiki zaka. Mwenye kukopa nauli ya kwenda kukatwa saratani ni fukara na mdaiwa pamoja. Michango yetu ya harusi na ya maulidi yajulikana wingi wake. Hatusemi iachwe, twasema sehemu yake iwekwe kwa ajili ya miadi ya wagonjwa. Kila mtu naajiandikishe katika bima ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua mahali pa ile ya NHIF. Na mgonjwa naamuulize daktari wake ni miadi ipi iwezayo kutazamwa hapa kisiwani, na ni ipi isiyokuwa na budi kwenda Mombasa.

Tena Imamu Ghazali alilalamika katika Ihya kwamba kuna miji isiyokuwa na tabibu Muislamu, ilhali watu wamesongamana katika fani za ubishi wa fiqhi. Ameyasema hayo zaidi ya miaka mia tisa iliyopita. Utabibu ni faradhi ya kutosheleza: asipokuwapo wa kuusimamia, dhambi ni ya mji wote. Basi mwenye mtoto wa kiume au wa kike mwenye akili ya kusoma, naamsomeshe dini yake na amsomeshe utabibu, wala asione moja lapunguza jingine.

Khulasa

Jawabu letu ni kwamba ugonjwa huu ukiwa mchanga, na madaktari wenye kuaminiwa wakasema kisu chatarajiwa kuuondoa, basi kukubali ni wajibu juu ya mwenye uwezo, na kumsaidia asiye na uwezo ni wajibu juu ya wenzake. Kurudi kuangaliwa ni sehemu ya tiba hiyo hiyo. Tawakuli mahali pake ni moyoni, wakati mguu uko mezani na ganzi imeingia: ajue kwamba mkono ukatao ni wa kiumbe, na mwenye kuponya ni Mmoja. Nabii Ibrahim (A.S.) alipomsifu Mola wake alinasibisha maradhi kwa nafsi yake na kupona kwa Mola wake, na huo ndio uwe mwenendo wa mgonjwa wetu, kabla ya kisu na baada yake.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, awape matabibu wetu elimu na huruma, na atujaalie kuijua haki kwa wakati wake. Amin.